Zamu ya Saa Mbili

Fundi alitoka Mwanza na ngazi yake mwenyewe. Alipanda juu ya bati na kushuka mara tatu, na aliposhuka mara ya mwisho akatangaza kwamba kompyuta yetu ni mzee, haiwezi kusemezana na chombo kipya. Alitoa hukumu hiyo huku akijifutia mikono kwenye kanga ya Mama iliyoanikwa kambani, bila kuomba. Mpaka leo sijui kipi kiliniudhi zaidi, hukumu au ile kanga.

"Hii ni ya kupeleka makumbusho," aliniambia. "Agizeni mpya Dar. Miezi miwili mtakuwa nayo."

Miezi miwili hatukuwa nayo. Ilikuwa Jumatatu, na mwisho wetu ulikuwa Ijumaa.

Yule niliyekuwa namwita Mama hakuwa mama yangu. Alikuwa mjane mwenye duka la vifaa pale Nyarugusu, akiuza misumari, mabati, koleo, karabai na kamba za kushukia duarani, yaani kwenye yale mashimo ya dhahabu. Babu zake walitoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa Tinde nyuma ya kaunta ya baba yake, na Kisukuma chake kilikuwa na methali nyingi kuliko changu mimi niliyezaliwa Samuye. Wachimbaji walimsalimia shikamoo hata wale waliokuwa hawamsalimii mtu. Alipofiwa na mumewe aliendelea kufungua duka saa ile ile, akiwa amejifunga mtandio ule ule mweupe, na waliokuja kumpa pole aliwapokea akiwa amesimama kwenye mizani ya misumari.

Alikuwa na wana wawili wa kiume Mwanza, wenye ofisi yao, simu yao na kompyuta yao mezani. Masika iliyotangulia, barabara ilipokatika, Mama aliugua malaria akalala siku sita. Mke wa fundi cherehani wa barazani ndiye aliyemnywesha uji. Habari ziliwafikia wanawe baada ya wiki tatu, kwa mdomo wa dereva wa lori, tena akiwasimulia kama jambo lililokwisha. Walikuja mbio. Wakamkuta mzima, anabishana na mteja juu ya bawaba. Wakasema basi, duka linafungwa, mama yao anahamia kwao ghorofani.

Mama aliwauliza huko ghorofani atafanya kazi gani, kutazama magari?

Walivutana siku mbili nzima, mpaka wakakubaliana hivi: kama wanawe wataweza kupata neno lake kila siku, abaki. Kama hapana, ahame. Simu Nyarugusu haikuwapo na wala haikuwa na dalili ya kuja. Lakini wamisheni walikuwa wameanza kutumia redio ya upepo iliyofungwa pamoja na kisanduku kipya, kisichochukua sauti bali barua. Unaandika barua kwenye kompyuta, kisanduku kinaigeuza milio, redio inairusha milio hiyo mpaka kituo cha Dar es Salaam, na kituo kinaipeleka kwenye kompyuta ya unayemwandikia. Wanawe walinunua redio na kisanduku, wakamtuma fundi kuvifunga. Kompyuta Mama alisema asinunuliwe, anayo. Nao wakaweka sharti lao la mwisho: barua ya kwanza iwafikie kabla ya Ijumaa jioni. Isipofika, Jumamosi lori linavuka na kivuko, na Jumapili litakuwa mlangoni kubeba mali yote na mwenye mali. Lori lilikuwa limeshakodiwa.

Kwa hiyo fundi alipoiita kompyuta mzee, Mama alielewa vizuri kwamba hakuwa anazungumzia kompyuta peke yake.

Sasa niseme mimi niliingiaje humo. Shule niliiacha darasa la tano. Sikukosa ada wala sikuugua, nilichoka tu kukaa mahali pamoja nikitazama kisogo cha mwenzangu. Nilichunga ng'ombe wa watu, nikapakia pamba Tinde, nikawa utingo, nikashuka maduara ya Nyarugusu mpaka siku moja kuta zilipoanza kudondosha udongo mdogo mdogo na mimi nikapanda juu nisirudi tena. Kitu kimoja tu nilitembea nacho kote huko, redio ndogo ya mkulima niliyoitengeneza mwenyewe mara kumi na zaidi. Sikuweza kuona kitu kimefungwa kwa skrubu nisitake kujua ndani kuna nini. Dukani kwa Mama nilikwenda kununua waya wa kuchomelea, nikakuta redio yake imekufa, nikaifufua pale pale kwenye kaunta. Akanipa chumba cha uani nilale mpaka nitakapoondoka. Mwaka wa pili ulikuwa unaisha na bado nilikuwa naondoka.

Kompyuta ile ndiyo iliyonikalisha. Siku hizi watu wangeiita laptopu. Sisi tuliiita kompyuta ya mkoba, nzito kama tofali mbili, kioo chake cha rangi ya majivu. Mtafiti mmoja wa miamba aliyekuwa akihifadhi mizigo yake kwa marehemu mume wa Mama aliiacha kama shukrani alipofunga kambi. Ilikaa kabatini chini ya mashuka. Nilipoigundua niliomba niiwashe, na Mama, ambaye hakupenda kitu kikae bure, aliniruhusu. Nikajifunza kuandika kwa vidole viwili. Nikajifunza Kiingereza chake kwa kamusi iliyochanika herufi A yote na nusu ya B. Betri yake ndogo ya ndani, ile ya kuifanya ikumbuke, ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kila ukiiwasha iliuliza kwanza leo tarehe ngapi na sasa saa ngapi, kama mgonjwa anayezinduka. Unaijibu, ndipo inaendelea.

Jumatatu ile kituo cha Dar kilikuwa kimempa fundi nafasi ya majaribio asubuhi. Yeye alikuwa juu ya bati akivuta waya wa antena kutoka kwenye paa mpaka mti wa mwarobaini, mimi nikiwa chini mezani. Akapaza sauti niiwashe, niweke tarehe na saa. Nikamuuliza Mama saa ngapi, naye akaangalia ukutani akasema saa nne kasorobo. Nikaandika. Fundi akashuka, akabonyeza, redio ikatoa milio yake kama vyura wa bwawani. Tukangoja. Kimya. Akabonyeza tena, akapanda tena, akashuka tena. Baada ya saa moja ndipo akasema yale ya makumbusho.

Nilimwambia haijawahi kunishinda. Aliniangalia viatu, kisha uso.

"Wewe ni mchimbaji?"

"Nilikuwa."

"Basi chimba," alisema. "Haya mambo yana wenyewe."

Akafunga ngazi yake kwenye gari. Akasema kisanduku na redio tusiviguse, atavifungua mwenyewe atakapokuja na lile lori Jumapili. Alikuwa ameshaona mwisho wetu. Kabla hajaondoka aliacha kitabu cha maelekezo, si kwa wema, alikisahau tu juu ya gunia la misumari, na karatasi ya kituo iliyosema zamu yetu ni kila siku saa mbili mpaka saa mbili na nusu asubuhi, isipokuwa Jumapili. Nje ya nusu saa hiyo kituo kingekuwa kinapokea barua za watu wengine.

Mama alisubiri vumbi la gari litulie. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna chumvi, kama naweza.

Nikasema naweza. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa siwezi mara nyingi mno katika maisha yangu na watu wenye ngazi.

Jumanne saa moja na nusu nilikuwa mezani. Mama alikuwa ameshaandika barua yake kwenye daftari, kurasa mbili, akiwaeleza wanawe hali yake, usingizi wake, dawa zake, na jinsi majirani walivyo wema. Nikaipiga yote kwenye kompyuta. Saa mbili ilipofika nikabonyeza. Vyura wakalia. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, mara ya kumi kimya. Saa mbili na nusu ikapita.

Fundi cherehani wa barazani alikuwa Mzinza mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kwa kuwa meza yangu ilikuwa karibu na dirisha lake, hakunipa pumziko. Alisema mashine yangu imenuna kama bibi harusi, labda inangoja kufunguliwa mdomo kwa zawadi. Nikamwambia atunze pindo zake. Akasema pindo zake angalau zinaitika.

Siku ile nilifungua kebo inayounganisha kompyuta na kisanduku, nikachomelea upya vijiti vyote tisa. Kitabu kilisema kompyuta ya zamani huenda ikahitaji kupunguziwa kasi ya kuzungumza, kwa hiyo nilitafuta mahali pa kupunguza kasi, na kwa kamusi isiyo na A nilihangaika mpaka jua likashuka, maana maneno mengi ya mambo hayo yanaanza na A. Nikapata. Nikapunguza. Jumatano asubuhi, kimya. Nikaupandisha waya wa antena juu zaidi kwenye mwarobaini, nikaukaza. Alhamisi asubuhi, kimya.

Alhamisi hiyo Mama alianza kukunja mashuka. Alitoa mashuka kabatini, akayakunja upya, akayapanga kwenye sanduku la bati alilokuja nalo kutoka Tinde siku ya ndoa yake. Nilipomuuliza akasema anapunguza vumbi. Halafu akaniambia, bila kunitazama, kwamba kama nataka kuondoka nisingoje mpaka Jumapili, maana hapendi kuagana na duka na mtu siku moja.

Nilitoka nikaenda mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu. Nikawa najiambia kwamba mtu akizeeka hupewa ghorofa, na kitu kikizeeka hupewa makumbusho, na wote wawili huwa hawajaulizwa. Nikarudi mezani saa nane mchana, wakati ambao haukuwa wetu kabisa, nikaiwasha kompyuta kwa ubishi mtupu. Ikaniuliza tarehe, nikaiambia. Ikaniuliza saa, nikaiambia nane. Nikabonyeza.

Vyura wakalia. Wakanyamaza. Na kutoka mbali, kwa sauti nyembamba zaidi, vyura wengine wakajibu.

Kwenye kioo yakatokea maneno ya Kiingereza ambayo sikuhitaji kamusi kuyaelewa: kituo kinawatambua, sasa si zamu yenu, jaribuni wakati wenu. Kisha kikakata.

Nilipiga kelele moja tu. Mama alikuja na shuka mkononi. Nilimwonyesha maneno yale, nikamweleza kwamba tumefukuzwa, na kwamba sijawahi kufurahia kufukuzwa namna hii. Maana mtu hawezi kukufukuza kama hajakusikia. Kompyuta ilikuwa imesemezana na kisanduku, kisanduku na redio, redio na Dar es Salaam. Uzee haukuwa sababu. Fundi alikuwa amesema uongo, au amesema asichokijua, na kwangu mimi hivyo vyote viko kapu moja.

"Kwa hiyo inaweza," alisema Mama.

"Inaweza mchana. Asubuhi inakataa."

Aliliweka lile shuka juu ya kiti. Hakulirudisha sandukuni.

Jioni ile kila mtu alikuwa na sababu yake kwa nini mashine ikatae asubuhi na ikubali mchana. Mzinza alisema ni umande kwenye waya. Mkewe alisema huenda ni baridi, hata yeye viungo vyake asubuhi havikunjuki. Mimi nilidhani sola ya redio inakuwa haijajaza betri, kwa hiyo nikaazima betri ya gari iliyojaa. Kuhusu umande, nilikata kipande cha gunia ili niufute waya alfajiri. Hiyo ndiyo silaha niliyokuwa nayo kwa siku ya mwisho, kipande cha gunia.

Ijumaa waya ulikuwa mkavu na betri imejaa. Saa mbili kamili nikabonyeza. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, daftari kifuani. Mzinza alikuwa amesimamisha cherehani yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mnada ulipopita.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Safari hii sikuangalia kioo cha kompyuta, niliangalia redio yenyewe. Kabla ya kulia ilitoa mlio mdogo, tak, na kwenye kidirisha chake ikatokea namba inayoanza na nne. Nikabonyeza tena ili nione vizuri. Tak, nne. Nilikuwa na daftari langu la kuandika kila kitu, tabia niliyoipata duarani ambako ukisahau ulipochimba jana unazikwa leo. Nikafungua ukurasa wa Alhamisi mchana. Nilikuwa nimeandika namba inayoanza na nane.

Hapo ndipo redio yangu ya mkulima iliponisaidia. Yeyote aliyewahi kulala porini na redio ya mawimbi mafupi anajua jambo hili bila kufundishwa: mchana stesheni za mbali zinapanda kwenye namba kubwa, usiku zinashuka kwenye namba ndogo. Ukitafuta stesheni ya usiku saa ya jua kali utapata mikwaruzo tu. Na hii mashine, kila asubuhi, jua likiwa limewaka uani na kuku wakichakura, ilikuwa inapiga simu ya usiku. Dar walikuwa wanatusikilizia kwenye namba ya mchana, sisi tunalia kwenye namba ya usiku. Lakini nani aliyeiambia ni usiku?

"Mama, saa ngapi?" niliuliza.

"Saa mbili na dakika kumi na moja."

Nikatazama pembeni ya kioo. 2:11. Kompyuta na Mama walikubaliana kabisa.

Nikakirukia kile kitabu. Kulikuwa na ukurasa wenye jedwali nililoliruka mara zote kwa kuwa lilikuwa na tarakimu tupu. Mchana: 0600 mpaka 1800. Usiku: 1800 mpaka 0600. Nikaangalia jedwali, nikaangalia kioo, nikaangalia kuku.

Watu wangu wote, tangu naanza kusema, wanahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Jua likishachomoza muda kidogo ni saa moja, ng'ombe wanatoka zizini. Saa mbili mtu yuko shambani. Saa ya ukutani ilionyesha nane, naam, lakini hakuna aliyewahi kuisoma nane. Unaona nane, unasema mbili, bila hata kujua kwamba umegeuza. Nilikuwa nimeulizwa saa na mashine nikaijibu kama ninavyomjibu mtu. Na mashine, ambayo haikuwa na madirisha na saa zake huzihesabu kuanzia katikati ya usiku, iliniamini. Ikajua ni saa nane za usiku, watu wamelala, ikashusha namba kama mtu mwenye adabu anavyoshusha sauti. Siku ile ya majaribio fundi alikuwa juu ya bati. Hakuona nilichoandika, na hakuuliza. Mchana wa Alhamisi niliandika nane, na kwa bahati tu hata kwa hesabu ya mashine nane ni saa ya jua.

Sikuwa na muda wa kumweleza mtu yote haya. Nilisema tu kwamba kosa ni langu na kwamba nalirekebisha. Nikaandika 8:14. Nikabonyeza.

Tak. Nane.

Vyura wetu wakalia, na vyura wa Dar wakajibu kabla hatujavuta pumzi. Kioo kikasema karibuni, kikauliza tuna barua ngapi.

Shida iliyobaki ilikuwa kasi. Nilikuwa nimeipunguza mwenyewe Jumanne, na kurasa mbili za Mama kwa kasi ile zingechukua zaidi ya dakika tulizobakiwa nazo. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia achague maneno, machache, na kwamba nitaifuta ile ndefu.

Alifungua daftari akaisoma barua yake kimya, usingizi, dawa, wema wa majirani. Uso wake ulibadilika, nikaona kwamba barua ile imeanza kumwudhi.

"Futa yote," alisema. "Andika."

Nikaweka vidole viwili tayari.

"Andika: Mimi mzima. Lori lije. Lije na mabati futi kumi, misumari ya bati na ya inchi nne, na bawaba. Kurudi, lirudi tupu."

Mzinza alicheka dirishani mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa napiga herufi moja moja, naogopa kukosea. Nilimuuliza kama niongeze salamu. Akafikiri.

"Ongeza: Nawapenda. Halafu weka nukta."

Ilichukua dakika nne kwenda. Kioo kikasema imepokelewa. Saa mbili na dakika ishirini na saba za asubuhi, au nane, chagua mwenyewe. Mama alikwenda kufungua duka. Alichelewa siku hiyo kwa mara ya kwanza, na mchimbaji aliyekuwa anangoja mlangoni akaambiwa asubiri tena, maana mwenye duka anakunywa chai.

Jumamosi niliiwasha nikaandika saa kama inavyotaka yenyewe. Tulikuwa na barua moja kutoka Mwanza. Nilikuwa nimejiandaa kusoma mahubiri. Ilikuwa na mstari mmoja.

Mama, mabati geji ngapi?

Nilimsomea. Akachukua pembe ya mtandio akafuta kioo cha kompyuta, ingawa hakikuwa na vumbi. Kisha akasema ishirini na nane, na wasimletee yale mepesi yanayopiga kelele.

Lori lilifika Jumapili alasiri. Fundi alikuwa mbele, na ngazi yake nyuma juu ya mabati. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha redio, akakuta karatasi niliyoibandika juu ya kibodi, nimeandika kwa kalamu nene: ONGEZA SITA. Akaniuliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni ya wachimbaji. Akaiwasha mashine, akaona orodha ya zilizokwenda na zilizofika, akaizima. Kuhusu uzee wa kompyuta hakurudia neno. Nilimtazama mikono; safari hii alikuwa na kitambaa chake. Kitabu chake cha maelekezo alikiomba na nilimnyima. Nilimwambia nimefika nusu, nikimaliza nitamtumia barua.

Tulishusha mabati mpaka kiza kikakaribia, mimi, Mzinza na utingo. Dereva, aliyekuwa ameambiwa Mwanza kwamba atarudi na duka zima, alizunguka lori lake akamuuliza Mama apakie nini. Mama akamjibu kwamba barua ilisema wazi.

Lakini huku kwetu gari la ndugu halirudi mikono mitupu, na yeye alikuwa mtu wa Tinde kabla ya kuwa mtu wa mtu yeyote. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vya wajukuu. Nikaurusha nyuma. Lori lilipoondoka na kuanza kurukaruka kwenye makorongo, tuliusikia mfuko ule ukigonga huku na huku peke yake katika lile bodi kubwa, mpaka lilipopinda.

Mama alirudi ndani, akalifungua lile sanduku la bati, akaanza kutoa mashuka. Mimi nilikwenda kufungua skrubu za kisanduku, nione ndani kuna nini.